Vidonge Thelathini na Vinane

Mliosoma wiki iliyopita mliniacha Nateete, Kampala, nimesimama mlangoni pa chumba changu saa kumi na mbili asubuhi, na askari ananiambia nivae viatu.

Kwa anayeanza leo nitaeleza kwa kifupi. Jina langu ni Mumbere. Nilivuka kutoka Kongo mwaka wa sitini na nne pamoja na mke wangu Pélagie, na kwa miaka minane nilifagia duka la dawa la Mhindi mmoja pale Mengo. Nilipomaliza kufagia, nilisoma vitabu vyake. Wahindi walipofukuzwa nchini, duka likapewa Kapteni Marjan wa jeshi, mtu ambaye hakujua aspirini ni ipi na klorokwini ni ipi. Alinikuta na ufagio mkononi, akaniuliza kama najua dawa. Nikasema najua. Toka siku ile watu wa Mengo wakaniita musawo, yaani daktari.

Pélagie alifariki mwezi wa Machi, mwaka wa sabini na tano. Hilo nimekwisha kulisimulia na sitalirudia. Aliniachia binti mmoja, Marie-Jeanne, wa miaka mitano.

Asubuhi ile hapakuwa na mtu wa kumwachia. Nikamvalisha gauni lake, nikatoka naye.

Askari mwenyewe alikuwa Omolo, dereva wa kapteni. Tulikuwa tunafahamiana.

"Kuna nini, Omolo?"

"Mimi dereva tu, musawo."

"Afande amekasirika?"

"Hajakasirika. Amenyamaza."

Hasira ya kapteni tulikuwa tumeizoea. Waliojua kunyamaza kwake hawakuwepo tena kutueleza.

Omolo alimtazama binti yangu kwenye kioo cha gari. "Huyu ungemwacha."

"Kwa nani?"

Akaongeza mwendo.

Kapteni alikuwa ameketi sebuleni, suruali ya jeshi na singlendi, macho mekundu ya mtu asiyelala. Mezani mbele yake palikuwa na chupa moja tu. Niliitambua kabla sijavuka kizingiti, maana niliitoa mimi.

Alhamisi iliyotangulia, mkewe Maimunah alikuwa amekuja dukani na mtoto wao Asuman, wa miaka minne. Mtoto hali chakula, alisema, anakonda. Nyuma ya duka palibaki katoni moja ya Mhindi: vidonge vya watoto vya kutafuna, vya vitamini na madini, rangi ya chungwa na ladha ya chungwa. Chupa moja vidonge mia. Nilitazama tarehe, ilikuwa bado. Nikamwambia Maimunah ampe kimoja kwa siku baada ya chakula.

Asuman alipoiona chupa, alijificha nyuma ya mama yake. Watoto wote wa Kampala walijua kinachotoka kwenye chupa. Kinatoka klorokwini, chungu ya kutoa machozi.

Basi nikafanya tunavyofanya wote wenye kazi hii. Nikachuchumaa, nikamwambia, "Hii si dawa. Hii ni peremende ya maafisa. Baba yako alikula hizi mpaka akawa kapteni."

Alitafuna kimoja kwa woga. Kisha uso ukabadilika.

"Tamu!" akasema. "Ongeza."

Mama yake alicheka, na mimi nikacheka. Uongo ule nilikuwa nimewaambia mamia ya watoto, na siku ile tu ndiyo haukuwa uongo. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasahau kumwambia Maimunah mambo mawili. La kwanza, kwamba vidonge vile vina madini ya chuma, na chuma hufanya choo kuwa cheusi. La pili mtalijua sasa hivi.

"Mkongo," kapteni alisema, bila kuniambia niketi. "Mtoto yangu anaenda choo nyeusi. Nyeusi kama oili ya gari. Siku tatu. Na usiku yote ametapika. Umelisha yeye nini?"

Nikashusha pumzi. Choo cheusi nilikijua.

"Afande, ni chuma tu. Chuma kinaongeza damu. Kinapotoka, kinatoka cheusi. Hakina ubaya. Kosa langu ni kwamba sikumwambia mama."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, afande."

"Kambini kuna watu wanataka cheo yangu. Hawaniwezi mimi, wanaanza na mtoto. Nani?"

"Afande, dawa hii ilikuwa dukani tangu enzi ya Mhindi. Ni nzuri."

"Kama ni nzuri, kula."

Nikala kimoja. Akanisukumia chupa. Nikala cha pili.

Akanitazama nikitafuna, kisha akatikisa kichwa. "Wewe tumbo yako ya mkimbizi. Hata mawe inasaga." Macho yakashuka, yakamwona Marie-Jeanne aliyekuwa ameshika suruali yangu. "Huyu wa nani?"

"Wangu."

"Miaka ngapi?"

"Mitano."

"Karibu na yangu. Basi huyu akule. Zote."

"Zote, afande?"

"Si umesema ni nzuri? Nzuri haiishi uzuri. Akule zote, mimi niangalie."

Nisome pole pole hapa, ndugu msomaji, maana nataka uone nilivyobanwa. Kidonge kimoja ni dawa. Chupa nzima, kwa mtoto, ni kaburi. Hilo ndilo jambo la pili nililosahau kumwambia Maimunah. Nikinyamaza, binti yangu anakula. Nikisema chupa nzima inaua mtoto, nimekiri kwa kinywa changu kwamba nimeleta sumu nyumbani kwa Kapteni Marjan.

"Afande," nikasema, "niruhusu nihesabu kwanza."

"Uhesabu nini?"

"Dawa haitoki mkononi mwangu bila kuhesabiwa. Ndiyo kazi niliyojifunza."

Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka dakika mbili. Kapteni akacheka kwa pua. "Maimunah! Leta daktari sahani yake."

Maimunah alileta sahani na kisu cha meza. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba, na hakunitazama. Nilimwaga vidonge, nikavisogeza kwa ncha ya kisu, vitano vitano, kama Mhindi alivyokuwa akifanya. Marie-Jeanne alihesabu pamoja nami kwa sauti. Alipenda mchezo ule.

Tano. Kumi. Kumi na tano.

Tulifika thelathini na tano, vikabaki vitatu.

Nikarudisha vyote katikati, nikahesabu tena. Thelathini na vinane.

"Papa, tumekosea?" binti yangu akauliza.

Hatukuwa tumekosea. Alhamisi mpaka jana, Jumatatu, ni siku tano, vidonge vitano. Viwili nilikula mimi pale pale. Sahanini palipaswa kuwa na tisini na vitatu.

"Mama Asuman," nikasema, "ulimpa vingapi kwa siku?"

"Moja. Baada ya chakula, kama ulisema."

"Nani mwingine anakula?"

"Nani atakula dawa?" Alinishangaa kama nimeuliza nani anakunywa mafuta ya taa.

"Chupa ulikuwa umeweka wapi?"

"Kwa meza ya kioo, na poda yangu."

Ningemlaumu vipi? Nyumba zote za mji ule ziliacha dawa mahali popote. Sukari tulificha, maana sukari ilikuwa imeadimika na mtoto angeiba. Dawa haikuwa na haja ya kufichwa. Uchungu wake ndio ulikuwa kufuli.

"Jana magharibi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naswali."

"Na Asuman?"

"Chumbani kwangu. Alitulia sana. Mimi nilishukuru ametulia." Kisha nikaona maneno yake mwenyewe yanamfikia. Akashika mdomo.

Tulikwenda chumbani sote. Mtoto alikuwa amelala ubavu, midomo mikavu, beseni chini ya kitanda. Nikamwomba atoe ulimi. Ulikuwa na rangi ya chungwa mpaka nyuma.

"Asuman, peremende ulikula ngapi?"

Akanyanyua vidole vyote kumi. Akavikunja, akavinyanyua tena. Akavinyanyua mara ya tatu, kisha akachoka.

"Wewe ulisema ya maafisa," akaniambia. "Mimi nataka kuwa kubwa haraka."

Nilimgeukia kapteni. Nilisahau kuogopa.

"Afande, amekula hamsini na tano. Sasa ndiyo sumu. Tumpeleke hospitali sasa hivi. Mambo yangu yangoje."

Nilitarajia kofi. Halikuja. Kapteni Marjan aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka mkono juu ya mguu wa mwanawe.

"Hospitali hapana."

"Afande..."

"Mkongo, mimi nimetoa watu pale. Kitandani. Na mikono hii. Mmoja alikuwa na mpira ya damu bado ndani ya mkono. Daktari aliyesimama pale akaniangalia. Bado yuko pale, yule daktari. Unataka mimi nimpe mtoto yangu? Akumbuke uso yangu, ashike sindano?"

Kwa miaka mingi nimejaribu kuamua nimwite nini mtu yule. Asubuhi ile alikuwa baba anayeogopa, na alijua vizuri kuliko sisi sote anachokiogopa.

"Basi maziwa," nikasema. "Na mayai mabichi. Ni kidogo, lakini yanashika."

Nilimnywesha kijiko kwa kijiko. Akatapika, nikamnywesha tena. Jua likapanda. Omolo alitumwa maziwa mara mbili. Hakuna aliyemkumbuka Marie-Jeanne, na hakuna aliyekumbuka sahani ya vidonge isipokuwa mimi. Niliiweka juu ya kabati.

Saa tatu kutapika kukakoma. Saa tatu na nusu Asuman aliketi. Akaomba chapati.

Nyumba ikalipuka kwa furaha. Maimunah alipiga kigelegele, akaangua kilio katikati yake. Kapteni alimbeba mwanawe juu ya mabega, akamzungusha ua mzima. Alinipiga mgongoni mpaka nikakohoa.

"Maziwa! Bana, maziwa tu! Na mimi nilitaka kukutupa msituni!"

"Asante, afande."

"Omolo, si nilikwambia huyu Mkongo daktari kabisa?"

"Ulisema, afande," Omolo akajibu, mtu ambaye hakuwa ameambiwa lolote.

Asuman na Marie-Jeanne waliketi barazani, wakarushiana vizibo vya soda. Kapteni akaingia stoo, akatoka na pakiti ya sukari. Kilo nzima. Mwaka ule mtu angeweza kupanga foleni tangu alfajiri pale Nakivubo asipate robo.

"Chukua. Mpe huyu msichana chai ya nguvu. Nendeni."

Niliichukua. Nilimshika binti yangu mkono, tukapita getini, Omolo akanipigia saluti ya mzaha.

Sasa ndugu zangu, nitasema lile ambalo sikumwambia hata padri.

Nilijua mtoto hajapona.

Katika kimoja cha vitabu vile vya Mhindi palikuwa na ukurasa juu ya chuma. Niliusoma zaidi ya mara moja, neno kwa neno, na kamusi pembeni. Mtoto aliyekula chuma kingi hutapika usiku, kisha asubuhi hutulia. Hucheza, huomba chakula, na wazazi humshukuru Mungu. Utulivu huo ni wa saa chache. Chuma kimeacha tumbo, kinaingia kwenye ini. Kisha mtoto huanguka, na anapoanguka ni vigumu kumwinua bila hospitali.

Nilijua hayo alipoomba chapati. Nilijua niliposema asante, afande. Niliipokea sukari nikijua.

Nilijiambia nina mtoto wangu. Nilijiambia mpaka wa Kongo hauko mbali, kuna lori la jioni. Nilijiambia aliyekataa hospitali si mimi. Maneno yote yale yalikuwa kweli, na niliyapanga vizuri, matano matano, kama vidonge.

Tulikuwa tumeshuka kilima kiasi cha nyumba kumi hivi.

"Papa," Marie-Jeanne akasema, "Asuman amesema kesho nirudi. Amesema vizibo vyake ataviacha vivyo hivyo, nisihesabiwe nimeshindwa. Nirudi?"

Niliutafuta uongo, mimi ninayewadanganya watoto kwa kazi, nikaukosa.

Tukageuka, tukapanda.

Kapteni alikuwa mezani anakula mayai yaliyobaki, sasa yamekaangwa. "Umerudi omba majani ya chai?"

Nikasema yote, nimesimama, sukari mkononi. Nilisema saa, nilisema ini, nilisema kuanguka. Aliendelea kutafuna, polepole zaidi na zaidi, kisha akaacha.

"Nani amekwambia?"

"Nilisoma, afande. Kitabu."

"Kitabu ya nani?"

"Cha Mhindi."

"Mhindi nimechukua duka yake. Nimechukua nyumba yake, hii hii tunakaa. Yeye yuko huko Ulaya na baridi. Na bado anasema mtoto yangu atakufa?"

"Anasema apelekwe hospitali, afande. Hasemi atakufa."

Akanyoosha uma kuelekea barazani. "Mtu wa kufa anacheza vile?"

Marie-Jeanne alikuwa amekwisha rudi kwenye vizibo. Asuman alikuwa akimwonyesha namna ya kushika kidole gumba.

"Sikiliza, Mkongo. Mtoto akikufa, wewe ulijua kwa sababu wewe uliua. Asipokufa, wewe umeapiza mtoto ya afisa ndani ya nyumba yake. Chagua unataka gani."

"Nataka aende hospitali."

"Omolo! Funga geti."

Nilisikia komeo. Nilisikia pia kizibo cha binti yangu kikigonga saruji. Ilikuwa zamu ya Asuman.

"Rusha," Marie-Jeanne akamwambia. "Rusha basi. Unaogopa kufungwa?"

Asuman hakurusha. Alilala pale pale chini, shavu juu ya vizibo, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya sakafu.

"Mama," akasema, "nasikia usingizi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika kumi, asubuhi.

Maimunah alikuwa ametokea jikoni na birika la chai. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akaweka birika chini, akafungua leso kiunoni, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda moja kwa moja getini bila viatu.

"Maimunah," kapteni akaita, akatoka barazani, nami nyuma yake.

Hakugeuka.

"Maimunah! Unaenda wapi?"

"Wewe ulitoa watoto ya watu kwa kitanda," akasema, amelikabili geti. "Mimi napeleka yangu. Kama daktari atashika sindano, ashike. Nitamwomba. Nitamlalia miguuni. Wewe huwezi, mimi naweza. Omolo, fungua."

Omolo alikuwa ameshika komeo. Alimtazama mtoto, kichwa kimeanguka kando juu ya bega la mama. Kisha akatutazama sisi barazani, akingoja amri.

Kapteni Marjan alitazama mguu wa mwanawe ukining'inia ubavuni mwa mama.

"Fungua," akasema mwishowe.

Maimunah akatoka mbio, hakungoja gari. Nikaacha sukari pale barazani, nikamshika Marie-Jeanne mkono tumfuate, maana mle hospitalini hakuna ambaye angejua ni vidonge gani na ni vingapi ila mimi.

Binti yangu hakusogea. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshikwa.

"Huyu anabaki," kapteni akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba. "Asuman akirudi, huyu anarudi. Kimbia, musawo. Mama ya Asuman ameshafika barabarani."

Marie-Jeanne alinitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena.

Nikauachia mkono wake niliokuwa nimeushika mimi.